Mistari Mitupu ya Fomu ya California

Fomu ya uwakilishi ya jimbo la California, hati ambayo huku kwetu wengi wangeiita ya nguvu ya kisheria, inaanza kwa sauti ya juu. Kabla mwenye hati hajaandika hata jina lake, aya nzima ya herufi kubwa inamtahadharisha: mamlaka anayotaka kutoa ni mapana mno, maelezo yake yamo kwenye sheria, si hapa, kama kuna asichoelewa, akamwone mwanasheria, hati hii haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumwamulia mambo ya matibabu, na akibadili nia baadaye, anaweza kuifuta. Halafu herufi zinashuka na mtu mwingine anaanza kusema. Mimi fulani, wa anwani fulani, ninamteua fulani awe mwakilishi wangu, atende kwa niaba yangu kwa njia yoyote iliyo halali katika mambo niliyoyatia alama hapa chini.

Maneno haya yamo katika kifungu cha 4401 cha Sheria ya Mirathi ya jimbo hilo, ambako yamekaa tangu sheria ya hati za uwakilishi ilipopangwa upya na kuanza kutumika 1995. Hata makazi hayo yana la kutazamwa: hati ya watu walio hai, ambayo nguvu yake hukoma siku mwenyewe anapofariki, imehifadhiwa ndani ya kitabu cha mali za marehemu. Mtu yeyote anaweza kuichapa na kuijaza bila kumlipa wakili. Ndiyo maana inawafikia watu wasio na wakili, wakiwemo wanawake wenye biashara ndogo za kusafisha nyumba za watu huko Oakland, San Jose na Los Angeles, wengi wao wahamiaji. Biashara ya namna hiyo ni mtu mmoja, wasaidizi wawili watatu, gari, mashine ya kufyonza vumbi na simu isiyonyamaza. Mwenyewe akilazwa, akijifungua, au ikambidi asafiri kwenda kumzika mama yake, hakuna ofisi inayobaki wazi. Anabaki yule atakayepokea simu, na karatasi inayosema anaruhusiwa kufanya nini.

Nataka kuisoma karatasi hiyo kama tunavyosoma shairi au barua: nani anasema, anamwambia nani, na kimya chake kimewekwa wapi. Ninaisoma nikiwa nimeketi kwenye kiti cha mwanamke huyo. Dai langu ni kwamba fomu hii ni hodari wa kugawa mamlaka, lakini haiijui kazi ya usafi wa nyumba hata kidogo, na kwamba mahali pekee anapoweza kuiandika kazi yake ni mistari michache ambayo waliotunga fomu wameiacha wazi na wajazaji wengi nao huiruka.

Tuanze na sauti. Aliyezoea hati za uwakilishi za mawakili wa Nairobi au Dar es Salaam anajua umbo lake la kale: msemaji ni mmoja, sentensi ni ndefu isiyopumua, na mwishoni mtoa mamlaka anaahidi kuyakubali na kuyathibitisha yote ambayo mwakilishi wake atakuwa ameyatenda kihalali. Wakili hasikiki, lakini mkono wake uko kila mahali. Fomu ya California imemwondoa wakili na kuiweka serikali ya jimbo katikati ya ukurasa. Serikali inasema kwa herufi kubwa, kwa nafsi ya pili, na kwa amri: tia alama, usitie, kata, andika. Mwenye hati anasema kwa herufi ndogo, kwa nafsi ya kwanza: ninateua, ninakubali. Kila anapomaliza kauli moja, serikali inamkatiza ili kumweleza amesema nini hasa na angeweza kusema nini kingine.

Mwanzoni mkatizo huu unaudhi. Ukiusoma tena unaona heshima ndani yake, kwa sababu hakuna sentensi nzito inayoachwa ipite bila mtu kumshika mkono mjazaji. Lakini tusisahau kwamba hata hizo sentensi za “mimi” zimetungwa na serikali ile ile. Nafsi ya kwanza hapa ni ya kuazimwa. Maneno yanayotoka kwake mwenyewe ni majina, anwani, tarehe, sahihi, herufi za mwanzo za jina lake mbele ya kila mamlaka, na chochote atakachoandika kwenye ile mistari mitupu.

Orodha ya mamlaka inakwenda kwa herufi, kuanzia A mpaka N, na mpangilio wake unafichua ni nani aliyekuwa akilini mwa watungaji. Kwanza ardhi na majengo. Pili mali zinazohamishika. Tatu hisa na hati fungani. Nne biashara ya bidhaa za soko la bidhaa na haki za kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa mapema. Tano benki. Ni kwenye F, ya sita, ndipo inapotajwa shughuli ya kuendesha biashara, na baada yake bima, mirathi, madai na kesi, matunzo ya familia, mafao ya serikali, pensheni, kodi. Huyu ni mtu mwenye nyumba, mwenye hisa, aliyejipanga kwa uzee. Mwenye biashara ya usafi anapita A, B, C na D akiwa na gari moja na ndoo zake, na macho yake yameshachoka anapofika palipo na riziki yake.

Mbele ya kila herufi kuna kistari. Ukitia herufi za jina lako, umetoa. Ukiacha wazi, umenyima. Fomu inasema waziwazi kwamba unaweza kukata mamlaka unayonyima lakini hulazimiki. Kwa hiyo katika sehemu hii kimya maana yake ni “hapana”, na mjazaji anajifunza kanuni hiyo mara kumi na tatu, mstari kwa mstari, mpaka inamkaa mkononi.

Kisha ukurasa unageuka, na kanuni nayo inageuka bila kuaga. Inakuja sentensi: usipoelekeza vinginevyo, hati inaanza kufanya kazi papo hapo na haikomi mpaka ifutwe. Inafuata nyingine, inayosema kwamba mamlaka haya yataendelea hata nikipoteza uwezo wa kujiamulia. Ukiiacha kama ilivyo, umekubali. Kuikataa kunahitaji kalamu, uikate. Sasa kimya maana yake ni “ndiyo”. Baada yake inakuja ya tatu, nayo ina hatari zaidi kwa biashara ndogo kuliko zote. Kama umeteua wawakilishi zaidi ya mmoja, kuna nafasi ya kuandika neno moja. Ukiandika kwamba kila mmoja atende peke yake, sawa. Ukiandika kwamba watende pamoja, au usipoandika chochote, basi lazima wote wakubaliane na wote watie sahihi.

Chukua hali ya kawaida kabisa. Mwenye biashara anamteua dada yake, anayeishi Sacramento na ambaye anamwamini kwa fedha, na msaidizi wake wa miaka mingi hapo Oakland, ambaye anawajua wateja. Ni uteuzi wa busara, mmoja wa damu na mmoja wa kazi. Ameshajaza nafasi nyingi na hii moja haielewi, kwa hiyo anaiacha. Ijumaa inafika, mishahara inatakiwa, na hakuna hundi itakayotoka bila sahihi ya mtu aliye Sacramento na ya mtu aliye Oakland. Hakukosea kusoma maneno. Amefundishwa na ukurasa wa kwanza kwamba nafasi tupu ni salama, na ukurasa wa pili umeyaondoa mafundisho hayo bila kumwambia. Hili nalihesabu kuwa kosa la utunzi, si la sheria. Kimya kimoja hakistahili kubeba maana tatu ndani ya karatasi mbili, hasa pale ambapo msomaji anaisoma katika lugha yake ya pili, usiku, baada ya kusafisha nyumba nne.

Udhaifu mwingine ni herufi N. N haina jambo lake. Inasema “yote yaliyotajwa hapo juu”, na inaongeza kwamba ukiitia alama huhitaji kuhangaika na mistari mingine. Imewekwa mwishoni, mkono ulipochoka, na inatoa nafuu. Kwa mzee anayemkabidhi mwanawe wa pekee kila kitu, pengine inafaa. Kwa mwanamke anayetaka msaidizi wake ashike biashara kwa wiki sita, alama hiyo moja inampa msaidizi nyumba yake, pensheni yake na kesi zake mahakamani. Onyo la herufi kubwa lililofungua fomu lilikuwa likizungumzia hasa mahali hapa, lakini limebaki mbali, juu ya ukurasa wa kwanza.

Tuingie ndani ya F, maana hapo ndipo umbo la fomu linapokuwa na kina kisichoonekana. Kwenye karatasi ni maneno matatu tu ya Kiingereza, shughuli za kuendesha biashara. Maana yake imeandikwa kwingine, katika kifungu cha 4456, ambacho hakichapwi pamoja na fomu. Nenda ukakisome na utakuta mlolongo wa vitenzi: kuendesha, kununua, kuuza, kupanua, kupunguza na kukomesha biashara. Kwa biashara ya mtu mmoja vinafuata vingine: kuendeleza, kubadili au kuvunja mikataba, kuamua biashara ifanyike wapi, itengeneze bidhaa zake vipi, ijitangaze vipi, iwe na bima ya aina gani, kuajiri, kulipa na kushughulika na wafanyakazi na wahasibu, kubadili jina la biashara na hata muundo wake, kudai fedha, kuzipokea na kuzitumia. Herufi mbili za jina, zilizoandikwa kwa sekunde moja, zimesaini ukurasa mzima ambao aliyesaini hajauona.

Soma vitenzi hivyo ukiwa mwenye biashara ya usafi. Kuuza na kukomesha vimekaa bega kwa bega na kuendesha, bila kupanda wala kushuka kwa sauti, kana kwamba kumwachia mtu akushikie biashara na kumwachia aiuze ni jambo la uzito mmoja. Uamuzi kuhusu utengenezaji wa bidhaa hauna kazi hapa, kwa sababu hakuna kinachotengenezwa. Uamuzi kuhusu mahali pa biashara nao unaelea, kwa sababu biashara hii haina duka. Mahali pake pa kazi ni majiko na mabafu ya watu wengine. Orodha ni ndefu na bado haimfikii.

Kuna pia tofauti kati ya anayesoma kifungu na anayesoma karatasi. Kwa mujibu wa 4456, mwenye F anaweza kuzitumia fedha za biashara kuiendesha. Lakini mtu wa kaunta ya benki hana kitabu cha sheria mbele yake. Ana karatasi, na kwenye karatasi anaona E, mstari wa benki, ukiwa mtupu. Kimya kile cha ukurasa wa kwanza kinamwambia “hapana”. Kifungu cha 4406 kinaruhusu kumlazimisha mahakamani anayekataa fomu hii bila sababu ya msingi, lakini hakuna anayekwenda mahakamani ili kulipa mishahara ya wiki. Na fedha za wafanyakazi California hazisubiri. Mwakilishi akimwachisha mtu kazi, sheria ya kazi ya jimbo inataka ujira wote aliobakiwa nao ulipwe pale pale. Bima ya ajali za kazini ni lazima hata kwa mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja tu, na tangu sheria ya AB 5 ianze Januari 2020, si rahisi kumwita msaidizi anayedeki nyumba za wateja wako “mkandarasi huru”. F bila E humweka mwakilishi mahali pabaya: ana mamlaka ya kumfukuza mtu na hana njia ya kumlipa. Ajaze zote mbili, na G ya bima pia.

Kodi na mafao nitayapita haraka, kwa kuwa hapo fomu inakutana na ofisi zisizo za jimbo. Mamlaka ya kodi ya serikali kuu ina fomu yake ya uwakilishi, namba 2848, nayo inachagua ni nani anayeweza kuwa mwakilishi. Idara ya Hifadhi ya Jamii haitambui hati ya uwakilishi katika kupokea mafao ya mtu. Ina utaratibu wake wa kumteua mpokeaji. Mistari K na M inaahidi zaidi ya inavyoweza kutekeleza.

Sasa funguo. Mwenye biashara ya usafi wa nyumba huenda asiwe na mali nyingi, lakini ana kabati dogo, au kisanduku cha chuma chini ya kiti cha gari, lenye funguo za nyumba za watu. Aliye makini haandiki anwani kwenye kibandiko cha ufunguo. Anaandika namba, ili ufunguo ukianguka njiani aliyeuokota asijue mlango wake. Orodha inayounganisha namba na nyumba iko kwenye daftari au ndani ya simu, pamoja na namba za siri za kuzima kengele, jina la mbwa, na agizo kwamba chumba cha mtoto kisafishwe bila dawa yenye klorini. Hii ndiyo biashara yenyewe. Ukiiondoa orodha hiyo, kinachobaki ni ndoo na mashine.

Itafute kwenye fomu na hutaikuta. B inahusu mali zinazohamishika za mwenye hati, lakini funguo si mali yake. Ni za wateja, zimewekwa kwake. F inampa mwakilishi mikataba, lakini mkataba na mwenye nyumba mara nyingi ni mazungumzo ya mlangoni na ujumbe wa simu, na ndani yake kuna jambo lisiloandikika kwa urahisi: mteja alimwamini yeye, si yeyote atakayemtuma. Umbo la fomu linadhani kwamba mwenye hati anamiliki vitu na anaweza kuvikabidhi. Kazi ya usafi imesimama juu ya kitu ambacho mwenye biashara amekabidhiwa na wengine, na mtu hawezi kumpa mwenzake idhini ambayo yeye mwenyewe alipewa kwa jina lake. Hapa pengo la fomu ni pengo la fikra, na hakuna herufi ya kuliziba hata orodha ingefika Z.

Imebaki ile mistari mitupu, chini ya orodha, ambapo serikali inasema kwa herufi kubwa kwamba hapa unaweza kutoa maelekezo maalumu ya kupunguza au kuongeza mamlaka uliyompa mwakilishi. Ni mahali pekee katika fomu nzima ambapo sauti ya juu inanyamaza na kusubiri. Ningemshauri mwenye biashara aandike hapo kwanza, kabla hajagusa herufi yoyote. Akiyaweka kwa Kiswahili mawazo yake kabla ya kuyapeleka kwenye Kiingereza, yangeweza kuwa hivi:

Mwakilishi wangu aendeshe biashara yangu ya usafi wa nyumba kama ninavyoiendesha mimi. Alipe mishahara, bima na madeni ya biashara kutoka akaunti ya biashara tu. Asiiuze biashara, asiifunge, asiibadili jina. Ufunguo wa mteja aupokee pale tu mteja huyo atakapokubali kwa maandishi; asipokubali, ufunguo urudishwe kwake kabla ya siku ya kazi inayofuata. Anitumie hesabu kila Ijumaa. Mamlaka haya yakome siku nitakapomwandikia kwamba nimerudi kazini.

Angalia kilichotokea kwa umbo. Katika fomu yote serikali ilikuwa ikimsemesha mwenye hati, na mwenye hati akiusemesha ulimwengu. Hapa, kwa mara ya kwanza, mwakilishi ndiye anayeagizwa: aendeshe, alipe, asiuze. Vitenzi vile vya 4456 vimechambuliwa kimoja kimoja, na kuuza kumetenganishwa na kuendesha. Mteja, ambaye hakuwepo kabisa, ameingia na kupewa haki ya kukataa. Na sentensi ya mwisho imekata ule mwendelezo usio na kikomo uliokuwa ukiingia kwa njia ya kimya. Ni mistari michache, na ndiyo inayomjua mwenye hati.

Baada ya sahihi kuna sauti nyingine mbili. Moja inasema, kwa herufi kubwa tena, kwamba mwakilishi akiukubali uteuzi au akianza kuutumia, amebeba wajibu wote wa kisheria wa mtu aliyeaminiwa mali ya mwingine. Lakini hakuna mstari wa sahihi yake. Anafungwa kwa tendo lake la kwanza, hata kama hakuwahi kuisoma fomu. Kwa hiyo asomewe, ana kwa ana, pamoja na ile aya ya maelekezo. Sauti ya pili ni ya kisanduku cha notari, ambaye bila uthibitisho wake fomu hii haikamiliki. Tangu 2015 kisanduku hicho kinatamka kwamba notari anathibitisha utambulisho wa aliyetia sahihi tu, si ukweli wala uhalali wa hati. Muhuri una uzito machoni mwa watu, na ni vyema kwamba umelazimishwa kusema mipaka yake wenyewe.

Iliyobaki ni kauli moja ya herufi ndogo ambayo ningeipigia mstari. Mwenye hati anakubali kwamba mtu wa tatu aliyepewa nakala anaweza kuifuata, na kwamba kuifuta hati hakumfungi mtu huyo mpaka ajue kweli kwamba imefutwa. Yaani kufuta ni kazi ya mikono: benki ijulishwe, kampuni ya bima ijulishwe, mhasibu ajulishwe, kila mteja aliyetumiwa nakala ajulishwe. Fomu haina mahali pa kuandika nakala zimekwenda kwa nani. Iandikwe orodha hiyo siku ile ile ya kusaini, jina kwa jina na tarehe kwa tarehe, kwenye daftari lile lile la namba za funguo, na daftari libaki mahali ambapo mwenye biashara atalipata bila kumwomba mwakilishi.